Mama Pindo na Mtu wa Tatu

Nianze na lililo zito, maana nikianza na mepesi sitalifikia. Mimi ndiye niliyemleta yule mwanamume mlangoni kwa Mama Pindo. Sikulazimishwa na mtu, wala sikudanganywa na shetani kama viongozi wangu walivyotaka kunifariji baadaye. Nilimwonyesha njia mwenyewe, kona kwa kona, na njia nzima nilikuwa ninatabasamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na cheo cha Mzee. Kwenye kanisa letu, ambalo waumini wake watu huwaita Wamormoni, kijana akitumwa misheni huitwa Mzee hata kama ndevu bado zinasitasita kutoka. Mimi nilitumwa nchi ya kigeni kwa miaka miwili, na mashati meupe sita, tai mbili, na beji nyeusi ya kifuani. Watoto wa mitaani walikuwa wakituona wanaulizana, "Wazee wenyewe ndio hawa?" Sikuwahi kuwalaumu.

Tulikwenda wawili wawili. Mwenzangu alitoka nchi ya baridi, mrefu kupita kiasi, mweupe wa kugeuka mwekundu ikifika saa nne asubuhi. Mtaani walimwita Mlingoti. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani kwa wiki tisa, kwa hiyo alizungumza kama tangazo la benki. Alikuwa na moyo safi kabisa, na sijui kama hiyo ni sifa au ni lawama. Kanuni ilikuwa tusitengane: nimwone anione, nimsikie anisikie, usiku na mchana, isipokuwa chooni. Ndoa nyingi hazina ukaribu wa namna ile.

Kazi yetu ilikuwa kugonga milango. Siku hiyo tulikuwa tumefukuzwa kwenye nyumba kumi na moja, na ya kumi na mbili ilikuwa na vyumba vitatu uani na bomba moja la maji. Geti lake lilikuwa na msumari uliochomoza. Mimi kwa haraka yangu ya kwenda kuokoa roho za watu sikuuona, nikapita, na suruali ikachanika nyuma, mahali pabaya kuliko pote.

Mwenye nyumba, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitupia shuka, akaichukua suruali, akaipitisha kwenye dirisha dogo la chumba cha mwisho. Pazia lilikuwa limeshushwa. Niliona mkono tu ukiipokea.

"Nani aliyekushonea hii?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Fundi wa kwetu," nikajibu, nimejifunga shuka, nimesimama uani kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

"Mwambie aache. Atafute kazi ya kuchimba mitaro."

Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Suruali ikarudi dirishani ikiwa imenyooka kuliko ilivyokuwa mpya. "Na pindo nimekushushia," sauti ikasema. "Ulikuwa unatuonyesha vifundo vya miguu, baba, na hatukukuomba."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mama Pindo. Mwezi mzima alikuwa sauti tu. Tulirudi kila Jumanne kumsaidia mwenye nyumba kujaza madumu, maana tulifundishwa kwamba anayekataa maneno yako huenda akakubali mikono yako, na kila Jumanne sauti ya dirishani ilituchokoza. Ilipogundua kwamba hatunywi chai, ilishindwa kujizuia.

"Hata chai? Chai yenyewe hii ya maji na majani? Kwani imemkosea nini Mungu wenu?"

Mlingoti akaanza kumweleza kwa utaratibu, kipengele cha kwanza mpaka cha nne. Ile sauti ikamsikiliza mpaka mwisho, ikasema, "Haya, nimeelewa. Itabaki nyingi kwangu."

Wiki ya tano pazia lilipanda. Nilitegemea bibi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, kichwa amefunga kitambaa cha kijivu, futi ya kupimia shingoni, na macho ambayo yalitutazama sisi kwanza, kisha geti, kisha sisi tena. Chumba chake nilikijua kupitia dirisha lile kabla sijakiingia. Kitanda kimoja, meza ya cherehani chini ya balbu, viti vinne vya plastiki, kamba iliyotundikwa sare za shule, na mlango wa pili nyuma wa kwenda kwenye uchochoro wa mabafu. Mlango ule wa nyuma haukuwa na kitu mbele yake, hata ndoo. Chumba kidogo kama kile, kila pembe imejaa, lakini pale palikuwa peupe siku zote.

Alishona pindo tu. Hakushona nguo mpya hata kwa kubembelezwa. Alikuwa na mkono wa kushona chochote, niliona alivyomtengenezea binti yake gauni kutokana na mashati mawili ya kiume yaliyochakaa, ukadhani limetoka dukani. Lakini mtu wa nguo mpya lazima umpime, na mtu unayempima lazima asimame mbele yako, na akisimama atauliza umetoka wapi na mumeo yuko wapi. Pindo haliulizi. Wateja walimpa mwenye nyumba nguo, mwenye nyumba akazipitisha dirishani, zikatoka zimekwisha. Sare za watoto alizikunja kwa ndani vidole vitatu, ili mtoto akirefuka nguo irefuke naye. Mtaa mzima watoto walivaa mikono ya mwanamke ambaye wazazi wao hawakuwahi kumwona.

Na cherehani ikiharibika aliifungua mwenyewe. Nilimkuta siku moja ameitandaza mezani, kila kipande kwenye mstari wake, mikono imejaa mafuta. Nikamsifu. "Nilifundishwa na mtu," akasema, akaokota skrubu iliyofuata.

Binti yake alikuwa na miaka tisa, tulimwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Ndiye aliyemcheka Mlingoti mpaka Kiswahili chake kikanyooka. Siku tulipomwambia kwamba kanisani kwetu watu huitana ndugu na dada, aligeuka akamwuliza mama yake, "Kwa hiyo nikienda nitapata mjomba?" Mama Pindo aliinamia nguo yake. Baadaye alisema, "Huyu hana shangazi, hana bibi, hana mjomba. Ana mimi tu, na mimi ni mmoja." Ndipo akaomba tumfundishe kwa dhati, abatizwe, na mtoto awe na watu.

Jumanne iliyofuata, Mlingoti akiwa bombani hatua kumi kutoka kwangu na maji yanapiga kelele ndani ya dumu, Mama Pindo aliniita karibu na dirisha. Alikuwa akiniita Mzee Mdogo.

"Mzee Mdogo, kabla hatujafika mbali, ujue. Mimi nimejificha."

"Umemficha nani?" nikauliza, kwa ujinga.

"Nimejificha mimi. Baba yake Sindano ananitafuta, mwaka wa sita huu. Alisema akinipata atamchukua mtoto, na mimi atanimaliza. Si mtu wa kusema halafu asifanye." Akapandisha mkono wa blauzi. Kwenye ngozi ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, kulikuwa na alama ya ncha ya pasi, iliyokamilika vizuri kama muhuri. "Hii ilikuwa ya onyo."

Nikamwuliza anafananaje, ili nijue.

"Wa kawaida tu. Angekuwa na pembe ningekwambia." Akafikiri. "Hapigi kelele. Wenzake wakikasirika wanafoka, yeye anakuwa mpole. Anaongea polepole, anakuvutia kiti ukae. Akikuvutia kiti, ujue umekwisha." Akanitaka niape kutomwambia mtu yeyote, hata mwenzangu. Nikaapa. Kiapo hicho nilikitunza vizuri sana, na ningekivunja huenda mambo yangekuwa mengine.

Sasa sikilizeni kanuni, maana ndiyo iliyotufikisha. Wamisionari wawili wa kiume hawaruhusiwi kuingia kwenye nyumba ya mwanamke aliye peke yake, isipokuwa awepo mwanamume mwingine mtu mzima pamoja nao. Mtu wa tatu. Kanuni iliwekwa kumlinda mwanamke, kulinda jina lake na letu. Dirishani tuliweza kuzungumza, lakini mafundisho ya ubatizo hayafundishwi dirishani huku majirani wanapanga foleni ya bomba. Lazima tuketi, tuombe, tusome. Kwa hiyo nilihitaji mtu wa tatu.

Na mtu wa tatu nilikuwa naye. Mungu anisamehe, niliona hata ni majibu ya maombi.

Kanisa letu lilikuwa chumba cha kupanga, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, waumini arobaini na kitu, na viti vya kukunja. Wiki saba nyuma alikuja mwanamume mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri sana. Alisema amehamia mjini karibuni na alikuwa anatafuta mahali pa kusali. Alikuja mapema kuliko kiongozi, akapanga viti, na ibada ilipokwisha akavikunja. Akina mama waliingia, yeye akawavutia viti. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nililiona Jumapili baada ya Jumapili, na hata baada ya kuambiwa nililoambiwa dirishani niliendelea kuliona, na nikawaza tu kwamba wanaume wengine wangeiga.

Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Alitembea na mkoba mdogo wa ngozi wenye bisibisi na chupa ya mafuta, na kanisani tukamwita Ndugu Fundi. Alipenda kutusindikiza kugonga milango. Hakuna anayependa kazi hiyo, hata sisi wenyewe, lakini yeye alikuwa anatusubiri kwenye ngazi saa tatu asubuhi, tayari. "Nyinyi mnaingia kila nyumba," alisema siku moja. "Hata polisi hawaingii kila nyumba." Mlingoti alifurahi, akaliandika hilo kwenye shajara yake. Milango ilipofunguliwa Ndugu Fundi hakusema neno. Alisimama nyuma yetu kidogo, anatazama ndani juu ya mabega yetu. Mtu akitufukuza yeye ndiye alikuwa anashukuru kwa upole, na tukawa tunaenda mlango unaofuata.

Wiki saba, mitaa minne. Uani kwa Mama Pindo hatukuwahi kumpeleka, kwa sababu Jumanne alikuwa na kazi zake.

Nilipopata wazo nilitaka kuruka. Fundi wa cherehani! Mwanamke anahangaika na mashine yake peke yake, na Bwana ananiletea fundi, mwaminifu, mtu mzima, mpole. Nilimwambia Ndugu Fundi kwenye ngazi za kanisa kwamba kuna dada mmoja anahitaji mtu wa tatu, na cherehani yake inahitaji mkono wa mjuzi.

"Anaishi peke yake?" akauliza.

"Na binti yake."

Alikuwa anakunja kiti. Alimaliza kukikunja, akakiegemeza ukutani, akakinyoosha kilingane na vingine. "Wa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Nitakuja," akasema. "Nitaacha kazi zote."

Mama Pindo naye hakuwa mjinga, msidhani hivyo. Nilipomweleza kanuni alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniuliza ni mtu gani. Nikamwambia ni ndugu wa kanisani, mwaminifu, hana hili wala lile.

"Umemjua lini?"

"Amekuwa nasi siku nyingi," nikasema. Wiki saba nilizihesabu kuwa siku nyingi.

"Anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo. Neno moja lingetosha. Ningesema fundi cherehani, angefunga dirisha, angefunga mzigo, na mimi leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Nilitaka kuiona sura yake mtu akifungua mkoba na kuitengeneza ile mashine. Kwa hiyo nikacheka, nikasema, "Utaona mwenyewe."

"Haya, Mzee Mdogo," akasema. "Nimekuamini wewe."

Tulikwenda Jumanne saa nane mchana, jua la utosini, mtaa umelala. Ndugu Fundi alikuwa amenyoa na kunyoosha shati. Mlingoti alipiga soga kuhusu theluji ya kwao. Ndugu Fundi hakuitikia, na nilidhani anasali moyoni. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda zake sokoni. Uani hapakuwa na mtu, na bomba lilikuwa linadondoka tone moja moja ndani ya ndoo.

Nikabisha. Mama Pindo akafungua akiwa amevaa gauni jeupe alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Kwa miaka sita hakuwa amejishonea kitu. Alinisalimia mimi, akamsalimia Mlingoti, kisha macho yakapita juu ya mabega yetu.

Sikuona kitu. Hili ndilo linaloniamsha usingizini: nilikuwa ninamtazama usoni, umbali wa mkono, na sikuona kitu. Hakupiga yowe, hakurudi nyuma. Alishika fremu ya mlango kidogo, akaiachia.

"Karibuni," akasema. "Karibu, mgeni."

"Ahsante, mama," Ndugu Fundi akajibu, polepole.

Tukaingia. Chumba kilikuwa kidogo hata tulipumuliana. Ndugu Fundi akachukua kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na kitanda, akakivuta, akakipangusa kwa kiganja, akamwelekeza. "Keti, mama."

Nilielewa, lakini kwa mwili tu, kichwa kilikuwa bado kinabisha hodi. Niliona kiti, nikaona mkono wake uliolegea juu ya kiti, nikakumbuka sauti ya dirishani, na nikajiambia hapana, haiwezekani, huyu ni ndugu yetu, huyu hupanga viti.

Mama Pindo hakuketi. "Kwenu si huwa mnaanza kwa sala?" akamwuliza Mlingoti.

"Ndiyo, dada. Mwenyeji humchagua wa kuomba."

"Basi na aombe mgeni. Kwa magoti." Akatuonyesha viti. "Kila mtu na kiti chake."

Kwetu tukipiga magoti tunainamia viti vyetu, migongo kwa katikati ya chumba, macho yamefumbwa. Alikuwa ameniuliza juu ya hilo dirishani wiki mbili nyuma, na nikamweleza kwa furaha. Mlingoti akapiga magoti mara moja. Mimi nikapiga magoti. Ndugu Fundi alisimama kidogo. Alimtazama Mlingoti, akanitazama mimi, mashahidi wawili wenye mashati meupe, watu ambao kwa wiki saba walimwona mwema. Taratibu akapiga magoti na yeye, akafumba macho.

"Baba yetu wa mbinguni," akaanza.

Aliomba vizuri. Alishukuru kwa jua, kwa siku, kwa ndugu hawa vijana waliomwonyesha njia. Alishukuru kwa familia, ambazo Mungu alizifunga na binadamu hana ruhusa ya kuzifungua. Hapo nikasikia bawaba ya mlango wa nyuma, sauti ndogo. Nina hakika na yeye aliisikia, kwa sababu alinyamaza pumzi moja. Kisha akaendelea. Mtu wa namna yake hawezi kuonekana anakatiza sala. Alimalizia yote kwa utaratibu wake, mpaka amina.

Tulipofumbua macho, kiti cha Mama Pindo kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kandambili zake zilikuwa pale kizingitini.

"Amekwenda wapi?" Mlingoti akauliza. "Je, ni mgonjwa?"

Ndugu Fundi akainuka, akapangusa magoti. Hakukimbia. Alikwenda kwenye cherehani, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza. "Anaitunza," akasema. Kisha akamgeukia Mlingoti, mpole kama siku zote. "Huyu mtoto anasoma shule gani?"

Mimi nilidakia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze misheni nilisema uongo, na niliusema kwa nguvu. Nikataja shule ya upande mwingine wa mji, ng'ambo ya reli.

"Hapana, Mzee," Mlingoti akanisahihisha, kwa upendo, kama alivyokuwa akinisahihisha aya nilizozikosea. "Ile siyo. Anasoma hii hapa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Wanatoka saa tisa kamili."

Simlaumu. Mlingoti hakuwahi kusema uongo tangu azaliwe, na mimi nilikuwa nimetunza kiapo changu. Ndugu Fundi alitazama saa yake, akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele bila haraka.

Nilimvuta Mlingoti tukatoka mbio. Nilimwambia yote njiani, nikihema, na yeye akawa anarudia, "Lakini hukuniambia, Mzee, hukuniambia," mpaka nikatamani anipige. Tulipofika shuleni mlinzi wa geti alitushangaa, watu wawili wenye tai waliolowa jasho.

"Leo mna sherehe gani na huyo mtoto?" akasema. "Mama yake kaja kumchukua sasa hivi, miguu mitupu, kaniambia kuna msiba. Halafu kaja bwana mmoja mstaarabu sana, naye kamwulizia. Nikamwambia wameshatoka."

"Wameelekea wapi?"

"Na yeye aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwonyesha."

Tulifuata njia aliyoionyesha mpaka barabara kuu, na pale ilikuwa watu, magari na vumbi. Hatukuona mtu yeyote.

Jioni nilimweleza kiongozi wa kanisa. Alinisikiliza, akauliza kama nina ushahidi. Nikasema nimeona kiti kikivutwa. Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama kichekesho. Akasema mambo ya mke na mume ni ya ndani, sisi ni wageni hapa, na ndugu yule ameonyesha matunda mema. Nilikwenda polisi na Mlingoti pembeni yangu, wakaniuliza jina kamili la mwanamke. Sikulijua. Alikuwa amenikataza kuliuliza. Mwenye nyumba yeye hakuniuliza kitu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka beji, akafunga geti, na nilimsikia akilia ndani kwa sauti ile ile aliyokuwa akichekea.

Jumapili iliyofuata Ndugu Fundi alikuwa amekuja mapema na viti vimeshapangwa. Akanivutia changu.

Siku nne baadaye nikahamishwa. Kwetu uhamisho hutoka kila baada ya wiki sita na mtu habishi, lakini huu haukungoja wiki zake, na nilijua ni yule mvuta viti aliyeuomba. Miezi saba iliyobaki niliifanya mji mwingine, na kila mlango uliofunguliwa na mwanamke niligeuka kwanza kuangalia nani amesimama nyuma yangu. Mlingoti alibaki kule, akaongezewa muda, na kila Jumatatu aliniandikia barua. Alishaniamini. Lakini waliobaki hawakuamini, na kiongozi alimpa mwenzake mpya kanuni zile zile. Kila barua nilisoma kwanza mstari mmoja, mengine baadaye. *Ndugu Fundi bado anatusindikiza. Leo tumegonga milango thelathini na miwili. Nimekataa kwenda mitaa ya mashariki, wamekwenda naye wamisionari wengine.*

Mstari ule niliuchukia, na ndio ulionipa usingizi. Mtu anayegonga milango bado hajaona anachokitafuta. Kama yuko nyuma ya mabega ya wamisionari, anachungulia ndani ya nyumba za watu, basi mahali fulani Mama Pindo anakunja sare za shule vidole vitatu kwa ndani, na Sindano anamcheka mtu. Nikawa ninaomba, na maombi yenyewe yalikuwa ya ajabu. Niliomba yule mwanamume asikose kanisani hata Jumapili moja.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka. Walinipokea vizuri, wajomba na shangazi wamejaa sebuleni, mama yangu ameshika beji yangu anawaonyesha majirani. Barua ya Mlingoti, ya kwanza baada ya wiki tatu za kukosa, ilikuwa imetangulia, iko juu ya kabati. Nikaifungua nikiwa nimesimama katikati ya watu, nikatafuta mstari wangu.

*Ndugu Fundi hajaja kanisani, jana ilikuwa Jumapili ya tatu. Tulikwenda kwenye chumba alichopanga, tukakuta pamefagiliwa na funguo ziko kwa mwenye nyumba. Hakuna anayejua alipokwenda.*

"Habari njema?" mama akaniuliza.

Wote walikuwa wananitazama. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikamwambia ndiyo, mama, njema.